Sifuri iliyowekwa kwenye mteremko

Taa ilizimika, watu wakapiga makofi, na mimi nikajua kazi imeharibika. Mliokuwepo Rwamishenye, hapa Bukoba, Jumamosi ile mliona nilichokiona: Forester ya SH5, mali ya mwalimu mmoja wa Muleba, imeegeshwa kwa ubavu kwenye uwanja wa gereji unaoteremkia mtaroni, fundi yuko kiti cha dereva na skana mapajani, na kijana mmoja anapaza sauti, "Waitu fundi, imezimika!" Ilizimika kweli. Ilizimika kama mtoto anavyonyamaza akizibwa mdomo.

Kabla ya hapo fundi alikwenda vizuri: alipima betri, akakagua soketi ya sensa chini ya usukani, akasoma misimbo ya ABS na siyo ya injini peke yake. Hilo la mwisho nalitaja kwa makusudi, maana mjini hapa bado wapo wenye kale kadude ka Bluetooth kanakosoma misimbo ya injini tu, kisha wanaapa kwamba gari ni zima. Nimeshakalalamikia kadude hako na sijamaliza.

Historia ya gari mnaijua. Wiki moja kabla lilibadilishwa rakendi zote mbili, yaani fimbo zinazounganisha raki ya usukani na tairi, kando ya barabara huko Muleba, na aliyezifunga alikadiria kwa macho. Tangu siku hiyo usukani ukawa umelala upande gari linapokwenda mbele, na baada ya kilomita chache taa ya VDC, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, ikawaka. Mwalimu akaambiwa ni "kosa la programu", akashauriwa aje Bukoba kwenye kompyuta. Fundi akalitoa barabarani, kijana akakaa pembeni anasoma laivu data. Gari likienda limenyooka kwenye lami, sensa ya usukani ilisema nyuzi 14 kushoto. Kijana akaitaja namba hiyo kwa sauti mara mbili. Hakuna aliyeikamata, na ndiyo ilikuwa kesi nzima.

Maana programu haikuwa na kosa lolote. VDC inamuuliza dereva, kupitia sensa ya usukani, anataka kwenda wapi. Kisha inaiuliza sensa ya mzunguko wa bodi na ile ya msukumo wa pembeni gari linakwenda wapi kwa hakika. Majibu yakipishana kilomita baada ya kilomita, usukani unasema kushoto na bodi inasema tunakwenda mbele, kompyuta inaacha kumwamini shahidi wake, inawasha taa na kujiweka kando. Ndivyo ilivyofundishwa. Aliyepindisha mambo ni mtu mwenye spana namba 22 kule Muleba. Hata sensa haikusema uongo, kwa sababu usukani ulikuwa kweli umepinda nyuzi 14.

Sasa turudi uwanjani, polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kulia.

Fundi amesimamisha gari. Anaushika usukani, anauzungusha taratibu kulia mpaka mikono yake inalala sawa kama mizani ya duka. Anatazama skana: sifuri. Anatikisa kichwa kwa kuridhika. Anaingia kwenye menyu ya kuweka katikati ya sensa, skana inamuuliza kama magurudumu yamenyooka na gari liko mahali tambarare, na yeye anabonyeza ndiyo, ndiyo. Mara mbili! Hakushuka kuangalia tairi. Hakuangalia ardhi. Aliyanyoosha macho ya dereva, tairi akaziacha zilivyo.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Gari likienda mbele, usukani uko nyuzi 14 kushoto. Ukiurudisha kulia nyuzi 14 ili upendeze, tairi zimegeuka kulia. Stelingi ya gari la aina hii ina uwiano wa takriban 16 kwa 1, kwa hiyo tairi zimegeuka pungufu kidogo ya uzi mmoja. Uzi mmoja jicho halioni. Na mahali pale pale ndipo fundi alipoiambia kompyuta: hapa ndipo mbele. Lakini kompyuta ilikuwa inaamini hivyo hivyo tangu asubuhi! Namba ilikuwa sifuri kabla hajabonyeza na ikabaki sifuri alipobonyeza. Hakusahihisha kitu, aliugongea uongo wa zamani muhuri mpya, akafuta msimbo, taa ikazimika, makofi.

Kama angeishia hapo ningesema tumerudi tulipoanzia. Ila zoezi lile lile linaweka pia sifuri ya sensa ya msukumo wa pembeni, na gari lilikuwa limelala kwa ubavu. Nilipima uwanja ule kwa simu baadaye, mteremko wa nyuzi 3. Nyuzi 3 ni kama sehemu moja ya ishirini ya mvutano wa dunia, na sasa sensa imeambiwa ihesabu kiasi hicho kuwa si kitu. Mgonjwa aliingia na jeraha moja, akatoka na mawili, na risiti juu.

Mwalimu alikuwa hajafika Kemondo. Taa iliwaka tena, na kabla haijawaka, kwenye kona ambayo hata baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi ingeipita bila kupunguza, pampu ya ABS ilikoroma, breki ya tairi moja ikashika, injini ikanyongwa. Akafanya wanachofanya wote: akabonyeza VDC OFF, akaenda nyumbani. Kitufe kile ni cha kujinasua kwenye tope, jamani. Siyo dawa ya kumeza kila asubuhi. Na ninyi mnaong'oa balbu ya taa kwenye dashibodi ili mnunuzi asiione, safu hii inawajua.

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu mfumo huu haukuwekwa kupamba dashibodi. Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1995, na mwaka huo huo Toyota wakauweka kwenye Crown Majesta. Mwaka 1997 A-Class ilipinduka mikononi mwa waandishi huko Sweden ikikwepa kizuizi cha kufikirika, na Mercedes wakalazimika kuufunga kwenye kila A-Class. Mfumo wa namna hiyo unakamata breki ya tairi moja bila kukuomba ruhusa. Kuudanganya kuhusu palipo mbele ni kumpa mlevi kazi ya kuongoza magari.

Mnajua nitamtaja nani sasa, na nitamtaja. Joginder Singh wa Kenya alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akarudia 1974 na 1976. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mtu wa aina hiyo husikiliza gari kwanza, ndipo afungue kisanduku cha spana. Siku hizi tunafungua kisanduku, tena cha umeme, gari linasubiri lisikilizwe.

Hatuhitaji kwenda hadi Nairobi, kwani Muleba penyewe yupo mzee aliyejifunzia kazi kwenye Land Rover na Bedford. Hana skana. Mwalimu alimpelekea gari Jumanne, naye akaomba vitu vitatu: chaki, kamba ya katani na mtu wa kushika kamba. Aliuzungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia akihesabu mizunguko, akaugawa nusu na kurudi hapo. Ndiyo katikati ya raki yenyewe, kabla ya mtu yeyote kuifikiria kompyuta. Akachora alama ya chaki kwenye usukani na nyingine kwenye kifuniko chini yake. Halafu akavuta kamba ikigusa tairi la nyuma na kupita mbele, kila upande, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Uzi ule mmoja ambao jicho halikuuona Rwamishenye, kamba ikauona: la kushoto linaingia ndani, la kulia linatoka nje.

Akalegeza nati, fimbo moja akaifupisha mzunguko mmoja na robo, nyingine akairefusha kiasi kile kile. Ukifanya hivyo toe, yaani jinsi tairi mbili zinavyoelekeana, haibadiliki, tairi zote mbili zinahama pamoja na usukani unarudi mahali pake. Dakika arobaini, pamoja na chai.

Fundi wa Bukoba, na hapa namvulia kofia, alikubali kuja na skana yake bila kudai nauli. Gari likapandishwa kwenye sakafu ya zege ya kuanikia kahawa, pima maji ikawekwa chini, povu likatulia katikati. Upepo wa tairi nne ukasawazishwa. (Matairi yenyewe yalikuwa yanafanana, ajabu kwa Subaru ya mkoa huu.) Kila mtu akashuka, milango ikafungwa, fundi akanyoosha mkono dirishani na kubonyeza mara moja tu, baada ya kila kitu kingine kwisha.

Tulilipeleka Muhutwe, tukalipandisha kona za kwenda Kamachumu mvua ikinyesha, kijana yule yule akisoma namba. Kwenye sehemu zilizonyooka usukani ulicheza kati ya sifuri na uzi mmoja. Pampu haikutoa sauti. Mzee alikuwa kiti cha nyuma amelala, na chaki yake bado iko kwenye usukani. Mwalimu amekataza isifutwe.