MoFi walipomruka baba na mama

Julai 2022, Mike Esposito, muuza santuri wa Phoenix, alipotoboa siri kwamba kampuni ya santuri ya MoFi inakata santuri zake nyingi kutoka kwenye faili la dijitali, DSD, ugomvi wote ulikimbilia masikioni: nani aliisikia dijitali, nani hakuisikia. Mimi simo humo. Kosa liko kwenye One-Step yenyewe, njia yao ya kutengeneza santuri kwa hatua moja.

Njia ya zamani mnaijua. Bamba la laka linazaa baba wa chuma, baba anazaa mama, mama anazaa stampa tele za kukandamizia santuri. Bamba moja linalisha maelfu kwa maelfu. MoFi wakaamua kumruka baba na mama, bamba litoe stampa papo hapo, ili sauti isipotee njiani. Lakini stampa ya namna hiyo imechoka ikifika nakala elfu moja hivi, na hapo lazima ukate bamba jipya. Kisha wakatangaza Thriller ya nakala 40,000! Pigeni hesabu: makumi ya mabamba, na kwa kila bamba kanda halisi ya Michael Jackson izungushwe upya mbele ya hedi. Nani atakuachia kanda ile uisugue hivyo? Hapo ndipo DSD inapoingia: kanda inachezwa mara moja, faili linakata mabamba yote. Wameondoa vizazi viwili vya chuma, wakapachika kigeuzi cha dijitali, na santuri za One-Step zikauzwa hadi dola 125 bila mnunuzi kuambiwa.

Sauti? Nzuri. Kwenye toleo lao la One-Step la albamu ya Abraxas unasikia kiganja kikigusa ngozi ya konga.

Lakini Thriller ya 1982 aliimasta Bernie Grundman, ikapita kwa baba, ikapita kwa mama, na besi ya Billie Jean bado inakuja kavu, imekaza, kila mpigo na nafasi yake. Nimeandika humu miaka nenda rudi, tangu zile CD zilizopandishwa sauti mpaka ngoma zikawa bapa: sikilizeni mkono wa fundi, acheni kuhesabu hatua. MoFi waliuza hesabu ya hatua, na hesabu hiyo hiyo wakaificha.

Na juu ya kasha, upana wote, ule mstari wa Original Master Recording. DSD ni herufi tatu. Tangu 2011 walipokuwa tayari wanaitumia, nafasi ya kuziandika ilikuwepo palepale.