Matendegu ya Wafalme wa Kushi

Nubia ya kale ikitajwa, sifa zote huenda kwa piramidi na dhahabu. Mimi namsifu seremala.

Huko Kerma, mji mkuu wa kwanza wa ufalme wa Kushi, karibu na maporomoko ya tatu ya Mto Nile katika Sudan ya leo, mfalme hakutiwa sandukuni. Alilazwa kitandani kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, kichwa mashariki na uso kaskazini, kama mtu aliyepitiwa na usingizi baada ya chakula cha mchana. Kando yake viliwekwa vyungu vyembamba vyekundu vyenye kingo nyeusi, ambavyo hata leo wafinyanzi huvistaajabia. Lakini kitu cha kwanza kilichomgusa maiti kilikuwa kazi ya seremala.

Na kazi yenyewe! Matendegu yalichongwa kwa umbo la miguu ya ng'ombe, ukwato na kifundo vikionekana. Kitanda kikawambwa kwa mikanda ya ngozi, na anayeijua ngozi mbichi anajua siri yake: huvutwa ikiwa na maji, kisha ikikauka hujikaza yenyewe na kubana kila kiungo. Upande wa miguuni palisimama ubao, na humo fundi alipachika vipande vya pembe ya ndovu vilivyokatwa kwa sura za twiga, mbuni na tai. Alikuwemo pia kiboko asimamaye kwa miguu miwili. Huyo ni mgeni, Taweret, mlinzi wa wajawazito na watoto huko Misri. Fundi wa Kerma alimkaribisha, akampanga pamoja na wanyama wa kwao.

Ukwato wa tendegu nao haukuwa pambo la kubahatisha. Kuna kaburi moja la Kerma, la miaka ipatayo 2000 KK, lililopangiwa upande wa kusini mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000. Taifa lililoaga wafu wake kwa mifugo kiasi hicho lilitaka ng'ombe awepo hata chini ya kitanda.

Siwezi kusifu kila kitu. George Reisner, Mmarekani aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1913, alikuta katika ujia wa kaburi moja kubwa mabaki ya watu zaidi ya 300 waliozikwa pamoja na bwana wao. Imani iliyompa mfalme kitanda ndiyo iliyowadai hao uhai wao, na fundi aliyepachika pembe kwa utulivu ule aliitumikia imani hiyohiyo.

Miaka ipatayo 1500 KK Misri iliiangusha Kerma, ikaitawala nchi kwa karne kadhaa. Baadaye wafalme wa Kushi walipanda mto wa historia kinyume, wakaitawala Misri yenyewe, na wakachukua mengi ya desturi zake za mazishi: piramidi, maombi ya maandishi, hata sanamu ndogo za kumfanyia marehemu kazi za ahera. Mmoja wao, Taharqa, aliyefariki mwaka 664 KK na kuzikwa Nuri, alikuwa na sanamu hizo zaidi ya 1,000, zote za mawe. Kitanda, hata hivyo, hakikuachwa. Katika kaburi la mfalme Piye huko El-Kurru, jukwaa la mawe lilikatwa pembe zote nne ili matendegu yapate pa kukanyaga. Kitanda chenyewe kimepotea, lakini mikato ile ipo: mwashi wa mawe, pamoja na ukuu wake wote, alilazimika kumpisha seremala. Katika makaburi hayohayo ya El-Kurru limepatikana tendegu la bronzi lenye umbo la bata bukini, kutoka kaburi la malkia. Kwato zilikuwa zimempisha ndege, na mafundi wa bronzi walikuwa wameingia kwenye kazi hii.

Hata Meroe, mji mkuu wa mwisho wa Kushi, ilipokwisha, wakuu wa Ballana huko Nubia ya kaskazini, kati ya karne ya nne na ya sita baada ya Kristo, waliendelea kulazwa juu ya vitanda vya mbao, na taji za fedha vichwani.

Nchini Sudan kitanda cha namna hiyo huitwa angareb. Mafundi bado wanakiunda kwa fremu ya mbao, matendegu manne na kamba au ngozi ya kuwambia. Watu hulala juu yake uani, bibi harusi hupambwa juu yake, na maiti hubebwa juu yake kwenda makaburini. Siku hizi marehemu huzikwa kwa sanda tu, na kitanda hurudishwa nyumbani kikalaliwe tena.