Maneno Yanayochanganywa na Misemo ya Kiingereza: Makosa ni ya Nani?

Katika makabati ya walimu wetu hukosekana mara chache kitabu chembamba chenye orodha tatu: misemo ya Kiingereza ya kila siku, tashbihi zake, na maneno ambayo watu huyachanganya. Mwanafunzi hukariri ishirini kwa juma, na Ijumaa hujaribiwa. Sina ugomvi na kukariri. Wazee wetu walihifadhi mengi kwa njia hiyo. Neno langu ni kwamba orodha hizo, na hasa ile ya tatu, zimetungwa kwa kuyatazama makosa ya Waingereza wenyewe, wala si makosa ya watoto wetu. Nalo si jambo dogo. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na za sekondari kwa Kiingereza. Mtoto avukapo kutoka huku kwenda kule, muda wake ni mfupi, na kila saa apewayo dawa ya ugonjwa asiokuwa nao ni saa iliyopotea.

Yatazameni maneno yenyewe. Kitabu chaonya juu ya "their" na "there", "principal" na "principle", "stationary" na "stationery". Mwingereza huyachanganya hayo kwa kuwa aliyapata kwa sikio tangu utoto, na masikioni mwake kila jozi ni sauti moja; taabu humjia siku ashikapo kalamu. Mtoto wa Musoma au Bunda aliyapata kwa jicho, ubaoni, na herufi zake alizihesabu moja moja. Aweza kukosea hapo, naam, lakini sipo aumiapo. Huumia penye "borrow" na "lend", maana Kiswahili chetu huweza kusema kuazima kwa atoaye na kwa apokeaye. Basi humwambia mwenzake, "Borrow me your pen", na haoni kosa. Huumia penye "he" na "she", kwa kuwa kwetu yeye ni yeye, awe baba au mama; hata mvulana mwenye adabu zake humtaja mama yake kana kwamba ni mwanamume. Huumia penye "hear" na "feel", kwa kuwa sisi husikia sauti, husikia njaa, husikia baridi, na harufu pia twaisikia. Mkono wetu waanzia begani hata ncha za vidole, lakini Mwingereza ameugawa na kuupa majina mawili. Na mguu ni vivyo hivyo. Saa mbili yetu ya asubuhi kwake ni saa nane, na watu wamekwisha kuachwa na gari kwa tofauti hiyo.

Tena kuna sikio. Kiswahili kina irabu tano tu, na Kiingereza kina sauti nyingi kupita hizo. "Hat", "hut", "heart" na "hurt" huingia kwa mwanafunzi wetu zote nne kwa mlango mmoja wa a, na hutoka kwa mlango huo huo. "Ship" na "sheep" hulala zizi moja. Mkurya naye, ambaye lugha yake hutumia r mahali pengi ambapo Kiswahili kina l, hupata shida penye "play" na "pray", na padre awaongozaye vijana katika sala kwa Kiingereza hawezi kulipuuza jambo hilo. Vitabu vya namna hii nilivyovisoma havikuzipa jozi hizo hata ukurasa mmoja.

Atakaye ushahidi kwamba kila lugha huzaa makosa yake, na aligeuze jambo hili alitazame kutoka Makoko. Hapo kando ya Ziwa Viktoria, karibu na mji wa Musoma, Wamaryknoll, waliofika nchi hii mwaka 1946, walianzisha baadaye chuo cha lugha, na wamisionari wengi wamefundishwa Kiswahili hapo. Sijapata kumsikia Mjita wala Mkwaya anayechanganya kufa na kufaa, choo na chuo, ameolewa na amelewa. Mgeni kutoka Marekani huyachanganya, kwa kuwa sikio lake halikuzoea kuipa kila irabu haki yake. Akitangaza kanisani kwamba bibi arusi amelewa, watu watacheka, kisha watamsamehe. Je, orodha ya kumfaa huyo ingetungwa kwa kuyachunguza makosa ya Wajita? Hapana, yapaswa kutungwa na mwalimu aliyeketi naye, akaandika kila mahali alipojikwaa. Basi kwa nini sisi twapokea orodha iliyotungwa London kwa watu wa London, nasi tuna madaftari ya wanafunzi mezani yaliyojaa ushahidi?

Tashbihi zina shida ya namna nyingine, nayo yapendeza zaidi. Mwalimu awaambiaye watoto kwamba fulani ana busara kama bundi, asiongeze neno, huwaacha wameduwaa. Bundi akilia juu ya paa, wengi wetu huwaza msiba. Sungura, ambaye katika hadithi zetu humshinda fisi na hata simba kwa akili, kwa Waingereza ni kichaa wa mwezi wa Machi, na sifa yake ya ujanja amepewa mbweha. Weupe wa theluji tumeusoma vitabuni. Mara kuna pamba. Lakini machozi ya mamba hayataki maelezo kwa watu wa ziwani. Laiti vitabu vingeziweka tashbihi za lugha mbili ubavu kwa ubavu, mwanafunzi angeona kwamba kila taifa limewagawia wanyama tabia kwa desturi yake, naye asingedhani kwamba Kiingereza ni fumbo lisilo na sababu.

Katika misemo, upungufu mkubwa ni kutotaja daraja ya usemi. Orodha husema kwamba "kick the bucket" maana yake ni kufa, na hapo huishia. Haisemi kwamba ni maneno ya mzaha. Kijana aliyeyakariri na kuyatia katika barua ya rambirambi amewatukana wafiwa bila kujua, kama ambavyo mgeni angetutukana kwa kusema kwamba marehemu mzee wetu amekata kamba. Kuhusu mvua ya paka na mbwa nitasema tu kwamba watoto wetu huitumia kuliko Waingereza wa leo.

Njia iliyo bora ilionyeshwa na mtu wa mkoa huu huu. Julius Nyerere wa Butiama, Mzanaki aliyeanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Kaizari, iliyotoka mwaka 1963 na kutoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969. Mwingereza asiyeelewa jambo husema kwamba kwake ni Kigiriki. Msemo huo umo katika tamthilia ya kwanza, kinywani mwa mtu aliyemsikia Sisero akinena Kigiriki kweli. Adaiye haki yake bila huruma husemwa kwamba ataka ratli yake ya nyama, nayo yatoka katika ya pili. Aliyezisoma hana haja ya kuikariri.

Hata hivyo jina la tamthilia ya pili lina la kujadiliwa. Neno bepari lilitujia kutoka kwa Wahindi, na asili yake ni mfanya biashara tu. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, masikioni mwa watu lilikuwa limekwisha kuwa mnyonyaji. Tena "merchant" wa Shakespeare ni mmoja, naye ni Antonio, ingawa hata Waingereza wengi hudhani ni Shylock. Nyerere amewafanya wengi, na hivyo wote wawili wameingia. Kama tafsiri ya neno, imepotoka. Kama hukumu juu ya watu wa Venisi, ni kali, na nadhani ilikusudiwa. Waulizeni wanafunzi wa kidato cha tatu kwa nini hakuandika Mfanyabiashara wa Venisi, muwaache wabishane kipindi kizima juu ya "merchant", "trader" na "capitalist", na kile kitabu chembamba kibaki kabatini.