Usianze na kichwa: treni ya kwanza ya mji wa vitofali

Wasomi wenzangu, leo siandiki juu ya ajira wala juu ya mitihani. Leo nahakiki mchezo wa mtoto. Wenye kucheka wacheke, nimeshazoea.

Mambo yalianza hivi. Yaya yangu mkubwa anaishi Liège, Ubelgiji. Mwezi uliopita akanitumia ujumbe: mtoto wa dada yetu, mwenye miaka 8, amefaulu vizuri, basi apewe treni ya kuweka kwenye mji wake. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema, "uchague, mimi nalipa. Lakini usinimalize."

Huo mji wenyewe uko Sange, kwenye kipande cha triplex chenye urefu wa mita 1.20 na upana wa sentimita 80. Nyumba nyingine ni vitofali vya LEGO alivyotumiwa miaka miwili nyuma. Nyingine ni vitofali vya Kichina ambavyo havishikani vizuri, na nyingine ni matofali ya udongo kweli, ukubwa wa kiberiti, ameyafyatua mwenyewe na kuyaanika juani. Kuna shule, kuna kituo cha afya, kuna bariere na askari wake mmoja. Barabara ya taifa namba 5 ameichora kwa makaa, inakata mji katikati kama inavyotukata sisi.

Kwanza nilifanya kosa ambalo wengi wenu mngelifanya. Nilitafuta treni nzuri. Mtoto ameona kwenye simu ile treni ya umeme ya Tanzania, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kichwa chake kimejaa hiyo. Nami nikamtafutia inayofanana nayo. LEGO walitoa moja: treni ya abiria ya mwendo kasi, namba 60337, iliyotoka mwaka 2022. Pua imechongoka, taa za mbele zinawaka, paa linatoka ili uwakalishe watu ndani. Bei ilikuwa karibu dola 200. Nikasema hii ndiyo.

Halafu nikapima.

Treni hizi za LEGO zinakuja na reli ya kutosha kufunga duara. Vipande 16 vya kona vinafanya duara moja, na duara hilo lina karibu sentimita 70 kutoka ukingo hadi ukingo. Triplex yetu ina 80. Ndani ya duara inabaki nafasi isiyofika sentimita 58. Yaani ili treni iingie, mji ubomolewe: shule itolewe, kituo cha afya kisogezwe, na nyumba zitakazobaki zikae ndani ya reli kama mbuzi ndani ya zizi. Mji unageuka kuwa pambo la treni. Mimi naona hilo ndilo kosa kubwa la masanduku haya yote, na karibu hakuna anayelisema, kwa sababu picha ya sanduku haionyeshi meza ya mtu.

Halafu duara lenyewe linafundisha nini? Treni inatoka stesheni, inazunguka, inarudi stesheni ileile. Haikuleta kitu, haikupeleka kitu. Sisi watu wa bonde la Ruzizi tulikuwa na reli yetu, na vijana wengi wa hapa hawajui. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na reli kutoka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, ikipanda bondeni hadi Kamanyola, karibu kilomita 90. Lengo lilikuwa kuunganisha maziwa mawili, lakini Ziwa Kivu liko juu ya Tanganyika kwa karibu mita 700, na ukishafika Kamanyola milima inakukatalia. Basi pale mzigo ulishushwa, ukapakiwa kwenye malori, ukapanda Bukavu kwa barabara. Reli ile ilifungwa kabla ya uhuru. Haikuwa nzuri kwa kila mtu, ilijengwa ili kutoa mali bondeni. Lakini ilikuwa na ncha mbili, na kila ncha ilikuwa na kazi: huku meli, kule malori. Mtoto akicheza na reli ya namna hiyo lazima ajiulize nani anapakia na nani anashusha. Kwenye duara swali hilo halitokei.

Turudi kwenye betri, maana hapa ndipo watu wa Ulaya wanatusahau kabisa. Mfumo wa LEGO, waliouleta mwaka 2018, unataka betri ndogo 6 aina ya AAA ndani ya treni na nyingine 4 ndani ya rimoti. Jumla 10. Sange unapata pile kubwa za tochi na za redio bila shida, lakini hizi nyembamba ni za kutafuta, na ukizipata, nyingi zimeshachoka dukani. Wiki ya kwanza treni itakimbia. Ya pili itatembea. Ya tatu mtoto ataisukuma kwa mkono, na atakuwa anasukuma dola 200.

Na ya mizigo, namba 60336? Hiyo naiheshimu zaidi. Ina makontena na mashine ya kuyainua, na ina magari madogo ya kupakia. Wale walioibuni walikumbuka kwamba treni hubeba kitu. Bei ilikuwa ileile kali, betri ni zilezile.

Za mbao kama zile za BRIO nilizipenda kwa sababu moja tu: hazitaki betri, na fundi seremala yeyote wa hapa anaweza kuchonga vipande vya kuongeza. Lakini watu wa vitofali hawakai ndani yake, na mtoto atakuwa na michezo miwili isiyosalimiana. Duplo ya mwaka 2018, ile unayoisukuma kidogo inaanza yenyewe na ukiinyanyua inasimama, ni akili nzuri sana, lakini ni ya wadogo. Miaka 8 ataona ametukanwa. Treni ya Kichina nilishanunua siku moja sokoni Bukavu, muuzaji akaniapia kwa mama yake. Ilizunguka mara tatu, ikanuka moto. Basi.

Nikiwa nimekwama hapo, nilishuka Sange siku ya Jumamosi na kumuuliza mwenye mji.

Hakunijibu kwa maneno. Alinionyesha behewa alilokwishatengeneza: kopo dogo la nyanya limelazwa juu ya kibao, limefungwa kwa waya, magurudumu ni vifuniko vya chupa. Tangi la mafuta. Nikatazama dada yangu, naye akatazama pembeni.

Kwa wasiotoka kwetu: tarehe 2 Julai 2010, jioni, wakati wa Kombe la Dunia, lori la mafuta lilipinduka Sange, barabarani, katikati ya nyumba. Mafuta yakamwagika, watu wakakaribia, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230. Mtoto huyu hakuwa amezaliwa. Lakini alikua katika nyumba ambayo lori la tangi, kwenye ile zawadi ya kwanza ya vitofali, liliondolewa na mama yake usiku uleule na halikuonekana tena.

LEGO wana kampuni yao ya mafuta ya kubuni, Octan, na nembo yake imewahi kuwekwa kwenye malori, vituo vya mafuta, hata mabehewa ya tangi. Ni mafuta yenye furaha, siwalaumu. Hawamjui mama huyu. Nami nilikuwa tayari kusema: tangi hapana, tuchague treni ya abiria, yaishe.

Mtoto akasema: "Yomba, ile treni itapita nyuma ya manyumba, hapana katikati. Mafuta itapitia kule."

Akanionyesha kwa kidole. Ukingo wa nyuma wa triplex, upande mrefu, nyuma ya shule, mahali pasipo nyumba hata moja. Hapo hakuacha nafasi kwa bahati. Dada yangu aliinama akatazama, akasogeza kituo cha afya mbele kidogo kwa vidole viwili, akarudi jikoni bila kusema neno.

Kwa hiyo nilifuta orodha yangu yote. Reli iliyonyooka ya LEGO ina sentimita 12.8 kwa kipande. Vipande 9 ni sentimita 115, vinaingia kwenye mita 1.20 na vinabaki vidole viwili. Akitaka siku moja kupinda kushuka upande wa pili, vipande 4 vya kona ni robo duara. Reli zinauzwa peke yake, bila treni. Magurudumu na sumaku za kuunganishia mabehewa pia vinapatikana kimojakimoja, na Ulaya kuna watu wanaouza vya mtumba. Ila nilimwonya yaya kitu kimoja, na ninyi mnaotumiwa vitu mkikumbuke: asichukue reli za zamani za bluu, zilizoanza mwaka 1966, wala zile za kijivu za miaka ya 1980, hazishikani na za leo. Zile zenye chuma juu, za kuanzia 1991, zinashikana, na mtoto hahitaji umeme wake.

Yaya alipiga simu, amekasirika kidogo. "Yaani nimtumie mtoto reli bila treni? Watu watasema nini?"

Nikamwambia treni ipo, ni ya kopo la nyanya, na kichwa atakijenga mwenyewe. Amenyamaza, kisha akauliza magurudumu mangapi. Nimemwandikia 16: kichwa, tangi, na mabehewa mawili ambayo mwenye mji bado hajaamua yatabeba nini. Jana alikuwa amesema mihogo. Leo asubuhi dada amenitumia sauti, sasa ni matofali.