Mabepari wa Venisi Wasomwapo Mtoni

Siku hizi imekuwa desturi katika vyuo vikuu kupima ujuzi wa mila za wengine kwa idadi ya wanafunzi waliopanda ndege. Aliyekaa muhula mmoja Ulaya huhesabiwa kuwa amefumbuka macho, na aliyebaki nyumbani huonewa huruma. Kipimo hicho hakifai. Wanafunzi wetu walio wengi hawatasafiri kabisa wakati wa masomo yao, maana nauli na ada za ng'ambo hazilingani na mfuko wa wazazi wao. Nao wanaosafiri, aghalabu hukaa na wenzao waliotoka nao, wakarudi na picha. Mimi mwenyewe nilisoma ng'ambo, wala sibezi safari. Lakini yafaa kuuliza kama chuo kinaweza kumpa mwanafunzi mafunzo hayo hapa hapa. Na njia ninayotaka kuichunguza ni kusoma tafsiri.

Kitabu nilichokichagua ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1969. Mengi yamekwisha semwa juu ya jina lake. Katika Kiingereza mfanyabiashara anayetajwa ni mmoja, naye ni Antonio, si Shylock. Mfasiri amemfanya kuwa wengi, kisha akawaita mabepari. Neno hili lilitujia kutoka India, na katika Kigujarati halina ubaya wowote: ni mtu afanyaye biashara. Lakini miaka miwili kabla ya tafsiri hii, mwezi wa Februari 1967, Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha lifunga neno ubepari pamoja na ukabaila na unyonyaji. Basi msomaji wa 1969, kwa kuona jalada tu, alikuwa amekwisha ambiwa namna ya kuwahukumu watu wa Venisi kabla hawajafungua vinywa.

Wapo wanaoliita jambo hilo kosa la tafsiri. Sikubaliani nao. Wingi ule una kazi yake: unamwondolea Myahudi mzigo wa kuwa mwovu peke yake, na kuwaweka mizanini hata wale wema wa Kikristo, ambao Shylock anawakumbusha mbele ya mahakama kwamba nao wananunua watumwa na kuwatumikisha kama punda. Mwanafunzi akiyaweka majina mawili ya kitabu hiki ubavu kwa ubavu, atajifunza habari za Venisi, habari za Dar es Salaam ya 1969, na habari za masikio yake mwenyewe.

Katika darasa langu wamo wanafunzi waliopanga vyumba Mtoni, upande wa Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa. Niliwaomba wawasimulie majirani zao kisa cha deni la Antonio, kisha waandike waliyoyasikia. Wazee, kwa neno bepari, walitoa maana ya Azimio bila kusita. Wenye maduka walilikataa neno lenyewe: wao ni wafanyabiashara, si mabepari. Lakini kisa chenyewe hakikumshangaza mtu. Akina mama, hasa wale wauzao chakula, walisema mara moja: hiyo ni kausha damu. Ndivyo mjini inavyoitwa mikopo ya haraka ya riba kubwa, ambayo mdaiwa akichelewa kuirejesha huja kuchukuliwa vyombo vyake vya ndani. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Portia alimshinda Shylock kwa kuwa hati ilimpa nyama bila damu, na kwamba mkopeshaji wa Mtoni ana akili zaidi, maana yeye huchukua damu akaiacha nyama. Sijapata kusoma maelezo bora kuliko hayo juu ya sehemu ile ya mahakama.

Hata hivyo hapo ndipo mwalimu asiporidhika. Kufahamu upesi namna hiyo ni kufahamu nusu. Jirani wa Mtoni amemtambua mkopeshaji, lakini bado hajamwona Myahudi. Mkopeshaji wa kausha damu huwa ni mtu wa mtaani, anayesali pamoja na wadeni wake. Shylock hakuwa hivyo. Tangu mwaka 1516 Wayahudi wa Venisi walilazimishwa kukaa katika mtaa mmoja uliofungwa malango usiku. Milki na kazi nyingi walikatazwa, na kukopesha kwa riba ni katika machache waliyoachiwa, kwa sababu kanisa liliwakataza Wakristo wasitozane riba. Mwislamu wa Mtoni anaijua haramu ya riba kwa dini yake, na kwa hiyo yu karibu na kisa hiki kuliko vijana wengi wa Ulaya ya leo. Ila dini yake haikumweka yeye nyuma ya lango. Pale ambapo mfano wa nyumbani unakatika, mwanafunzi hana budi kuacha kulinganisha na kuanza kusoma historia. Pasipo hatua hiyo ya pili, zoezi zima hubaki kuwa burudani. Tena lina hatari, kwa kuwa katika mji wetu ni rahisi mtu kumvua Shylock kanzu ya Kiyahudi na kumvika Mhindi mwenye duka.

Hatari hiyo si ya kubuni. Hakuna hati ionyeshayo kwamba Shakespeare alipata kutoka Uingereza, na Wayahudi walikuwa wamefukuzwa nchini humo tangu 1290. Venisi yake na Myahudi wake aliwapata nyumbani, katika vitabu na masimulizi. Akatoka na mtu anayetokwa machozi kama watu, na papo hapo akatoka na kashfa ya kale ya Myahudi mwenye kisu. Mwanafunzi asiyesafiri yampasa ayaone yote mawili katika ukurasa mmoja.

Kwa muhula ujao nimekwisha panga Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, ambamo riwaya ya Abdulrazak Gurnah juu ya pwani yetu, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kutolewa 1994, imerudi katika Kiswahili. Huko wageni tutakuwa sisi wenyewe. Baada yake tutasoma tafsiri ya kwanza ya Mwalimu, ile iliyoitwa Julius Caezar ilipotoka 1963, na ambayo katika toleo la 1969 jina lake liligeuka kuwa Juliasi Kaizari. Nimewataka wanafunzi waanze na herufi hizo zilizobadilika, kabla ya kufungua onyesho la kwanza.