Kusikiliza Makapi

Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kila baada ya sekunde moja na theluthi. Ikiwa imechanjwa mkwaruzo mmoja tu kutoka ukingoni hadi kwenye lebo, sindano itaukanyaga mkwaruzo huo katika kila mzunguko, na wimbo wa dakika tatu utatoa milio 135 ya “ta!” ambayo hakuna mpigaji aliyeipiga. Hesabu hiyo naijua kwa sababu niliipitia yote, mlio baada ya mlio, siku mzee mmoja wa mtaani kwetu aliponiletea santuri ya taarabu iliyokaa miaka mingi chini ya sanduku la nguo, haina hata ganda.

“Mwanangu, nitolee miiba hiyo,” aliniambia. “Namtaka mwimbaji mwenyewe nimsikie.”

Wengi hudhani kazi hii ni ya kubonyeza kitufe. Kumbe huanzia kwenye beseni. Santuri huoshwa kwa maji yaliyokenekwa, yasiyoacha chumvi yakikauka, na brashi laini inayofuata mfuo bila kuukata. Nusu ya nilichokidhani mikwaruzo ilikuwa vumbi, na iliondoka na maji. Kisha huja sindano. Santuri nyingi za zamani zina sauti ya njia moja, nayo imechongwa kwa kuyumba kwa mfuo kushoto na kulia. Uchafu na makovu huirusha sindano juu na chini pia. Ukiipiga kwa kichwa cha stirio, kisha ukaziunganisha njia mbili kuwa moja, sehemu ya mruko huo hujifuta yenyewe. Hadi hapo hujagusa programu yoyote.

Ndipo unapokaa mbele ya kompyuta. Hupima wimbi la sauti mara 96,000 kwa sekunde, na kila kipimo huwa nukta moja kwenye kioo. Ukiikuza picha hadi nukta zionekane moja moja, sauti ya mwimbaji inapanda na kushuka taratibu kama maji ya bahari siku ya shwari. Mkwaruzo ni mwiba uliosimama wima katikati ya maji hayo. Kwa kawaida hauzidi elfu moja ya sekunde, yaani nukta zisizofika mia. Nukta hizo zimekufa, na kilichokuwa chini yake hakirudi tena. Kinachowezekana ni kuzitoa na kuliziba pengo kwa kufuata mwendo wa nukta za kabla na za baada yake. Mshonaji hodari hufanya vivyo hivyo. Akiletewa kanzu iliyotoboka hakimbilii dukani kununua uzi. Huchomoa uzi kwenye upindo wa ndani wa kanzu ile ile, akaziba tundu kwa uzi uliochakaa pamoja na kitambaa. Kiraka kikitulia, mvaaji mwenyewe hakioni.

Ziko programu zinazoitafuta miiba zenyewe, lakini hazina sikio. Zinachokisaka ni kitu kinachoruka ghafla na kutulia ghafla. Sasa, udi nao huruka ghafla kila uzi wake unapogongwa. Kofi la kwanza kwenye ngozi ya dumbaki ni hivyo hivyo. Ukiiachia programu nguvu zote, itaing'oa miiba na kuzikata ncha za noti pamoja nayo, udi ubaki butu, kama kisu kilichokatia mchanga. Kwa hiyo niliilegeza, ikachukua milio mikubwa tu. Iliyobaki niliifuata kwa mkono: nakuza picha, natazama, nasikiliza, naziba, nasonga mbele sekunde moja na theluthi.

Kuna kelele ya pili isiyoruka. Ni ule mvumo uliotandazwa chini ya wimbo mzima kama mkeka. Kabla muziki haujaanza, sindano hupita sekunde chache kwenye mfuo mtupu. Programu hupewa sekunde hizo kama kielelezo cha kelele, kisha huambiwa ipunguze kila kinachofanana nacho. Matokeo yake hulewesha. Mvumo unapungua, unapungua zaidi, na mkono hautaki kuacha. Mimi niliuondoa wote. Nikampelekea mzee wimbo ulio safi kama bakuli lililooshwa.

Alisikiliza macho yakiwa sakafuni. “Mzuri,” alisema kwa adabu. Kisha akaniuliza, “Lakini mbona havuti pumzi?”

Kabla ya ubeti wa mwisho, mwimbaji yule huvuta pumzi ndefu inayosikika. Mzee alikuwa akiivuta naye tangu ujana wake. Pumzi ni upepo, na mvumo wa santuri ni upepo, na programu haikuona tofauti. Herufi s, sh na f nazo ni upepo mtupu. Zote zilikuwa zimefifia, maneno yakasikika kana kwamba mwimbaji yumo ndani ya mtungi.

Nikarudi mwanzo. Safari hii nilitumia kitu ambacho programu nzuri zinacho na mafundi wavivu hawakigusi: nafasi ya kusikiliza peke yake kile kilichoondolewa. Mama anayepeta mchele haridhiki kwa kuutazama ungo tu. Huinama akayatazama makapi yaliyoanguka, kwani akiona punje nzima humo, anajua mkono wake umezidi nguvu. Niliposikiliza makapi ya kazi yangu nilimkuta mwimbaji humo. Zilikuwemo pumzi zake, miisho ya maneno yake na ncha za udi. Nilikuwa nimemtupa nje pamoja na vumbi. Nikapunguza nguvu hadi ndani ya makapi kukabaki mvumo mtupu. Wimbo ukabaki na kelele nyembamba chini yake. Mzee aliposikiliza tena, ilipofika kabla ya ubeti wa mwisho, niliona kifua chake kinapanda.

Tangu siku hiyo namfikiria sana Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Machi 1928 mwanamke huyu wa Fumba, aliyewahi kutembeza vyungu vya kuuza, alivuka bahari na wanamuziki wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya chapa ya santuri ya His Master's Voice. Santuri za mizunguko 78 za wakati ule zilikuwa za lakiri, utomvu wa wadudu wa India, iliyochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliisaga sindano ya chuma hadi ikakaa sawasawa ndani ya mfuo. Kwa hiyo kelele imo mwilini mwa santuri tangu kuzaliwa kwake, na haioshwi. Ukiijaribu kwa spiriti, utaiyeyusha lakiri yenyewe. Siti alifariki mwaka 1950. Mwandishi Shaaban Robert alituachia wasifu wake, lakini kitabu hakiimbi. Sauti yake tunaipata ndani ya mifuo ile ya mawe. Anayeisafisha kwa pupa anamnyang'anya Siti pumzi, na hakuna wa kumrudisha studio.

Basi mwenye santuri kabatini asiitupe, hata kama imechanjwa namna gani. Aioshe, airekodi kama ilivyo, na nakala hiyo ya kwanza aihifadhi bila kuigusa. Kusafisha kufanywe kwenye nakala ya pili, maana zana za kesho zitakuwa kali kuliko za leo, na watakaozishika watahitaji kuanzia pale mfuo ulipoishia, si pale masikio yetu yalipochoka. Na kabla hujamkabidhi mtu wimbo uliousafisha, sikiliza makapi.