Fyuzi Ilikuwa Nzima

Nilishuka kutoka Marangu usiku wa masika, ukungu umetanda juu ya migomba, na kwenye kona za chini taa ya kushoto ya gari ikaanza kufifia. Nikipita kwenye shimo inawaka, nikipita jingine inazima. Balbu ile ilikuwa ya tatu ndani ya miezi miwili.

Asubuhi nilimwendea fundi umeme mjini Moshi, mzee anayefanya kazi chini ya mti. Hakugusa balbu. "Washa taa, mangi, usizime mpaka nikuambie." Tukakaa dakika kumi nzima, gari linanguruma. Kisha akapeleka mkono nyuma ya taa ya kulia, akautuliza pale. Akaupeleka kushoto, akaurudisha upesi, akanusa vidole. Plastiki iliyoungua ina harufu yake, na pua yake inaijua.

Niliona ajabu, maana fyuzi ilikuwa nzima. Akanieleza bila haraka. Fyuzi hulinda waya usipitishe mkondo uliozidi. Taa ya wati 55 huvuta ampea zisizofika 5, na soketi ikilegea mkondo hauongezeki hata chembe. Kinachoongezeka ni ukinzani pale vyuma vinapogusana kwa shida, na joto lote hukusanyika hapo. Fyuzi haina habari.

Akachukua mita, akapima taa ikiwa inawaka, maana ikizimwa soketi mbovu husomeka kama nzima. Kwenye betri, volti 13.8. Kwenye miguu ya balbu, 12.3. Volti moja na nusu ilikuwa inapotelea njiani: karibu wati 7 zinachoma kijichuma kisichofika ukubwa wa kucha. Na volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, mwanga hupungua kwa karibu theluthi. Ndiyo maana ukungu wa Marangu ulinishinda.

Wapo wanaokata soketi, wakasokota waya, wakazungushia tepu, na gari likaondoka na moto wake. Huyu alichomoa soketi, tukaiona imekuwa kahawia, chuma kimoja kimegeuka rangi ya samawati. Akaanza kukata waya, sentimita moja, akatazama, shaba nyeusi. Akakata tena, bado. Akakata tena mpaka shaba ikang'aa. Hapo ndipo nilipomheshimu kabisa. Angeishia kwenye shaba nyeusi nisingejua, na pesa angelipwa ileile. Akafunga soketi ya kauri, akabana vichwa vipya vya waya, akapima tena: tofauti haikufika hata nusu volti. Nilipotaja balbu za wati 100 akakataa kabisa. Waya wa gari hili, alisema, haukuwekwa kwa mzigo huo.

Nawe msomaji, taa moja ikila balbu mara mbili, usinunue ya tatu. Mwambie fundi aichomoe soketi, muitazame pamoja.